Ndoo Ilipolia Getini

Siku ile ya mkutano wa wazazi, Mkuu wa shule alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, wewe uliinama kufunga kamba za viatu. Nilikuona. Ulikuwa umevaa ndala.

Usigeuze uso sasa. Wenzako nao walikuwa na shughuli zao. Mmoja alitazama dari kama anayetafuta mahali panapovuja, na ilikuwa kiangazi. Mama mmoja alimfinya mtoto wake mchanga ili alie, apate sababu ya kutoka nje. Nakumbuka kila mtu alipokaa, maana madawati mliyokalia niliyaunda mimi, na najua lipi hulia mtu akijisogeza. Siku ile yalilia yote.

Mlikuwa mnaulizwa habari za mpwa wangu, binti wa dada yangu marehemu. Ninyi mnamwita Mwalimu Bado. Jina hilo mlimpa wenyewe. Kila mlipokutana naye njiani mlimuuliza, "Mwalimu, ajira vipi?" Naye akajibu, "Bado." Mwaka ukapita, "Bado." Mkacheka, mkambatiza, naye kwa upole wake akaitika. Ana shahada ya sayansi. Hana cheti cha ualimu. Tangu watoto wenu wakiwa darasa la pili hadi leo wako la sita, yeye ndiye anayewafundisha hisabati na sayansi, kwa posho ambayo Mkuu huitoa mfukoni kama mtu anayempa ombaomba huku akitazama pembeni.

Shule ina walimu wawili wa masomo hayo, mmoja kwenye makaratasi na mmoja darasani. Wa kwenye makaratasi ni shemeji yake Mkuu. Watoto wanamwita Suti, kwa kuwa huonekana siku ya kufunga shule tu, kavaa suti ya rangi ya majivu. Hupiga makofi, hunywa soda, huondoka. Siku nyingine zote yuko kwenye duka lake la vigae vya bafuni. Mshahara huja kwa jina lake. Ukishafika unagawanywaje, sikuwapo, sitasema. Nasema tu kwamba sebule ya Mkuu ina sakafu inayong'aa kuliko sinia la harusi.

Katika mkutano ule Mkuu alisimama, akapangusa miwani, akasema, "Wazazi wenzangu, kanuni inakataza mtu asiye na cheti kusimama darasani. Tukiifuata, watoto wenu hawatakuwa na mwalimu wa hisabati. Sasa tufanyeje? Wahenga walisema, funika kombe mwanaharamu apite."

Mkacheka. Mimi nikasimama.

"Mkuu, kombe ni mtoto wa dada yangu. Huyo mwanaharamu anayepita ni nani?"

"Fundi, kaa chini bwana. Dawati limekuzoea."

Mkacheka zaidi. Hapo ndipo alipouliza kuhusu pingamizi, nawe ukainama kwenye ndala zako. Hakuna aliyenyosha mkono. Kimya kile ndicho kilichokuwa kura yenu, na Mkuu aliihesabu vizuri.

Basi kombe likafunikwa. Nakueleza lilivyofunikwa, ijapokuwa unajua, kwa sababu kujua kwako ni kule kwa mtu anayesikia jirani akipigwa kisha akaongeza sauti ya televisheni.

Mlinzi wa getini anaitwa Redio, maana haishiwi maneno. Pembeni ya kiti chake kuna ndoo ya bati. Akiona gari geni linakata kona, huigonga ndoo kwa rungu lake, kisha humfokea paka asiyekuwepo: "Toka hapo! Paka gani huyu!" Ndoo ikilia, mpwa wangu huacha chaki popote ilipo, hutoka kwa mlango wa nyuma, hupita kwenye baraza ninapotengenezea madawati, na kuingia stoo. Mle mna mipira iliyotoboka, ramani zilizoliwa na mchwa, na madawati yanayonisubiri. Anajifungia. Darasani, kiongozi wa darasa, msichana mmoja mkavu wa macho ambaye wenzake wanamwita Waziri, husimama mbele na kuwasomesha wenzake kwa sauti. Mkaguzi akiuliza, "Nani anawafundisha hisabati?" darasa zima hutaja jina la Suti, jina la baba yake na la ukoo, kwa pamoja, kama wimbo.

Nani aliwafundisha hivyo? Yeye mwenyewe. Mkuu alimwambia, "Wewe ndiye wanayekupenda. Wakisikia kwako watashika." Akawafundisha kama anavyofundisha mambo yote, taratibu, kwa kurudia, kwa mifano. Aliwaambia, "Mkinitaja, nitafukuzwa, nanyi mtabaki na ubao mtupu." Hata tiki za kwenye madaftari yao alizisindikiza na saini ya Suti. Aliifanyia mazoezi mezani kwangu mpaka ikatoka safi kuliko ya mwenyewe.

Safari moja alikuja mkaguzi mjanja, mwenye sauti ya asali. Akawaambia watoto, "Wanangu, mwalimu wenu yuko nje hapo. Amesema sasa mnaweza kusema kweli." Kitoto kimoja cha dawati la mbele kikafungua mdomo. Waziri akakikanyaga mguu, kikafunga. Jioni ile mpwa wangu alinisimulia, tukacheka mpaka chai ikatupalia. Kesho yake akaongeza somo: "Mbele ya mgeni, hata mimi mwenyewe nikisimama hapa nikawaambia semeni kweli, msiseme. Mpaka gari liondoke. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Madamu!"

Walielewa. Hawa si watoto wa kuambiwa mara mbili.

Halafu ikaja kanuni mpya. Kuanzia mwaka ujao, kila anayesimama darasani lazima awe na leseni, na asiye nayo akikutwa, si kufukuzwa tu, ni mahakamani. Suti leseni anayo. Imewekwa kwenye fremu, imetundikwa dukani kwake juu ya sinki za kuuza. Mpwa wangu, ili aipate, lazima asome stashahada ya uzamili ya ualimu, mwaka mmoja chuoni.

Mlango wa kawaida wa chuo ulikuwa umefungwa kwake. Alama zake za shahada ni za chini. Mwaka wake wa mwisho wa masomo ndio mwaka dada yangu alipolala hospitali asiamke, na binti alikuwa akitoka wodini asubuhi kwenda kwenye mtihani, nguo zikinuka dawa. Lakini chuo kilikuwa na mlango mwingine, mdogo, wa wenye uzoefu. Hawaangalii alama. Wanamtuma mtu akuone darasani kwako, awaulize wanafunzi wako, apime. Mlango huo ulikuwa unafunguliwa kwa mara ya mwisho, maana mwakani asiye na leseni atapata wapi uzoefu?

Aliijaza fomu kwenye simu, kakaa juu ya gogo karakana kwangu, maranda yakimwangukia miguuni.

"Mjomba, hapa wanauliza, kwa nini unataka kuwa mwalimu. Niandike nini?"

"Andika wewe ni mwalimu tayari. Unataka kuacha kujificha na mipira iliyotoboka."

"Mjomba, haya ni maombi, si mkutano wa hadhara."

"Basi andika unavyojua."

Akaandika habari za vipande vya mbao. Mnavijua, viko kwenye mikoba ya watoto wenu. Alikuwa akiokota mabaki kwangu, ananiambia nimkatie nusu, robo, thuluthi, nipige msasa visiwachome watoto, na kwa vipande hivyo aliwafundisha sehemu. Muhula mzima ulikwenda kwenye kosa moja tu: mtoto akiambiwa ajumlishe nusu na robo, hujumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, anakupa mbili kwa sita. Aliwapanga watoto wenu sakafuni na vile vipande, kipande juu ya kipande, mpaka kila mmoja akaona kwa macho yake kwamba nusu na robo haziwezi kuwa ndogo kuliko nusu peke yake. Waziri ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali, na alipokubali aliwafundisha wengine. Hayo ndiyo aliyoyaandika. Alinisomea. Nilijifanya natafuta msumari.

Akaenda kwa Mkuu kuomba muhuri. Mkuu alizunguka wiki nzima kama mbwa anayetafuta pa kulala. Kuandika kwamba binti huyu amefundisha ni kuandika kwamba Suti hakufundisha. Mwishowe akasema, "Nitapiga muhuri kwamba shule inamkaribisha mgeni wa chuo. Zaidi ya hapo sina maneno. Mgeni ana macho, ataona."

"Ahsante, Mkuu. Ila wanasema atakuja siku yoyote bila kutangaza. Naomba umwambie mlinzi, gari la chuo likija asigonge ndoo."

"Hilo niachie, binti yangu."

"Na watoto? Niwaambie?"

"Usithubutu. Watoto wana midomo. Ukiwaambia leo kuna mgeni wa kuambiwa kweli na mgeni wa kudanganywa, kesho watachanganya. Mgeni akifika nitawaambia mwenyewe."

Akaamini. Usimcheke. Nawe ulimwamini huyohuyo, tena kwa sababu ndogo zaidi.

Mgeni alikuja siku ya jua kali, baada ya mapumziko ya asubuhi. Nilikuwa barazani nyuma ya darasa la sita napiga randa mguu wa dawati. Gari lilikuwa jeupe, lakini matope yalikuwa yamelila hadi milangoni. Nembo ya chuo ilikuwa chini ya matope hayo. Redio hakuwa ameambiwa kitu. Akaona gari geni. Akagonga ndoo.

"Toka hapo! Paka gani huyu!"

Na mpwa wangu akakimbia.

Elewa hapo. Alikuwa akimsubiri mgeni huyu mwezi mzima. Alikuwa amefua blauzi moja, anaivaa kila siku, anaifua kila jioni, ili atakapokuja amkute safi. Lakini miguu haikumbuki fomu. Miguu inakumbuka ndoo. Alinipita na chaki mkononi, mlango wa stoo ukafungwa, nami nikaendelea kupiga randa, maana fundi anayeacha kazi ghafla huonekana anaficha kitu.

Akaingia darasani mama mmoja mtu mzima, anayeburuta goti la kushoto, kabeba begi lake mwenyewe. Dirisha lilikuwa wazi, nilisikia yote.

"Hamjambo wanangu?"

"Hatujambo! Shikamoo!"

"Marahaba. Mwalimu wenu yuko wapi?"

Waziri akasimama. "Mwalimu ameitwa ofisini. Ametuachia kazi."

"Vizuri. Nani anawafundisha hisabati?"

Wakaliimba jina la Suti, la baba na la ukoo. Hawakukosea hata silabi.

Yule mama akatazama karatasi yake. "Mna hakika? Mimi nimetoka chuo cha ualimu. Nimekuja kumwona mwalimu mwingine, wa kike."

"Hatuna mwalimu wa kike wa hisabati," akasema Waziri. Alisema kwa adabu, mikono nyuma. Ungelijua sauti ile ungelisikia fahari ndani yake: huyu naye anatumia ujanja wa sauti ya asali, lakini sisi tuko macho.

Ukuta wa stoo ni ubao tu. Mpwa wangu alisikia neno "chuo". Mlango ukafunguka kwa kishindo. Akanipita tena, safari hii macho yamemtoka, nywele zina utando wa buibui, ile blauzi nyeupe ina mstari wa vumbi kifuani kama mtu aliyebeba magunia. Akaingia darasani. Mkuu naye akatokea mlango wa mbele, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, mama. Ni mimi mwombaji. Samahani sana."

"Marahaba. Ulikuwa wapi nilipoingia?"

"Stoo."

"Unafanya nini stoo, saa ya kipindi?"

Mpwa wangu akamtazama Mkuu. Mkuu akatazama chai yake.

"Nilikuwa... nafundisha hapa, mama. Hili ndilo darasa langu."

Yule mama akawageukia watoto. Hakuwa mtu mbaya, na sitamsingizia. Aliuliza kwa upole kabisa: "Wanangu, mnamfahamu huyu?"

Kimya. Watoto karibu arobaini, na hakuna hata aliyekohoa. Kile kitoto cha dawati la mbele kikaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ndipo Waziri akaokoa jahazi, kama alivyofunzwa.

"Tunamwona wakati mwingine. Anafagia."

Darasa likacheka. Walicheka vizuri, kicheko cha asili kabisa. Ungedhani ni kweli wanacheka mfagiaji aliyeingia na utando kichwani.

"Waziri," mpwa wangu akasema. "Semeni kweli. Huyu si mkaguzi. Semeni kweli, wanangu."

Unakumbuka somo lile? Hata mimi mwenyewe nikisimama hapa. Niliona nyuso zao kutoka dirishani. Hawakuchanganyikiwa hata kidogo. Walikuwa wakimtazama kwa upendo uliokaza taya, kama askari waliokabidhiwa lango. Mpaka gari liondoke.

Yule mama akavuta kiti, akanyosha goti lake. "Mwanangu, nimetoka mbali. Sitaki kurudi na maneno ya kusikia. Fundisha. Nikuone."

Nilishusha pumzi. Nikajisemea, hapo sasa; mwacheni ashike chaki, mtamwona. Akageukia ubao, akaandika nusu kujumlisha robo. Mwandiko ulikuwa wake. Akachukua vile vipande vya mbao kwenye dawati la Waziri, akaviinua juu.

"Hiki ni nini?"

Hakuna mkono.

"Tulifanya wote. Hiki ni nini?"

Mvulana mmoja akanyosha mkono polepole. "Kuni?"

Kicheko tena. Mkuu akakohoa ndani ya kikombe. Mpwa wangu akasogea kwa Waziri, akapiga magoti mbele ya dawati lake ili macho yao yalingane. Sikuweza kuona uso wake, niliona mgongo tu.

"Waziri, mwanangu. Nusu na robo ni ngapi?"

Mtoto yule alifikiri. Nataka ujue kwamba alifikiri, sikubuni. Alikunja uso, akatafuta ndani ya kichwa chake chenye akili kile ambacho mtoto asiyefundishwa angekisema, akakipata, akasimama, akajibu kwa sauti iliyo wazi:

"Mbili kwa sita."

Mpwa wangu akabaki pale chini. Vipande vya mbao vilikuwa bado mkononi. Kisha akaviweka dawatini kimoja kimoja, kama mtu anayeweka vyombo jikoni mwa watu, akasimama, akarudisha chaki mahali pake.

Yule mama akaomba madaftari. Akakuta saini za Suti, ukurasa baada ya ukurasa. Akamuuliza Mkuu, "Unasemaje kuhusu binti huyu?"

"Ni binti mzuri," Mkuu akasema. "Anatusaidia saidia hapa."

Yule mama akaandika. Alipokuwa akitoka alisimama barazani, karibu nami, akamwambia mpwa wangu kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nahisi kuna jambo hapa. Lakini mimi naandika ninachokiona. Sina kibali cha kuandika ninachokihisi."

Nikatupa randa. Nikamwambia, "Mama, mimi nimeshuhudia miaka yote! Huyu ndiye!"

"Wewe ni nani wake, baba?"

"Mjomba wake."

Akatikisa kichwa. Si kwa dharau. Kama mtu aliyekuwa akiomba Mungu nisijibu hivyo.

Gari likaondoka. Redio akafunga geti, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema kitu, maana matope yalikuwa yamekauka na kupukutika, akaisoma nembo. Mle darasani, gari liliposikika linapinda kona, wakalipuka. Walipiga madawati, wakamrukia mpwa wangu shingoni, wakamfuta utando wa buibui kwenye nywele.

"Madamu, tumeweza! Madamu, hajashika kitu!"

"Madamu, alivyosema chuo! Muongo yule!"

Na Waziri akasubiri wenzake wapungue, akasogea, akauliza kwa haya kidogo, kama mtoto anayeleta daftari lisahihishwe:

"Madamu, nilikosea vizuri?"

Nilikuwa nimeshikilia nondo za dirisha. Mpwa wangu akamsogeza mtoto yule karibu. Akamwekea mkono kichwani.

"Umekosea vizuri sana, mwanangu."

Jibu la chuo lilikuja kwenye simu. Uzoefu haukuthibitika. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja zaidi, na huo ndio unaonifanya nikuandikie: mwombaji anaweza kukata rufaa iwapo wazazi wa wanafunzi, wasio ndugu zake, watafika chuoni wenyewe na kutoa ushahidi kwamba aliwafundisha watoto wao.

Nilikwenda kwa Mkuu kwanza. Nikamuuliza, kwa nini hukumwambia mlinzi? "Nilighafilika, fundi." Huyu ni mtu anayekumbuka mzazi gani hakuchangia rangi ya choo tangu enzi za mkuu aliyemtangulia. Akaongeza, akikoroga chai, kwamba mzazi atakayekwenda kulichafua jina la shule chuoni atafute shule nyingine ya mtoto wake. Maneno hayo yalifika majumbani kwenu kabla yangu.

Nikapiga hodi. Nimepiga hodi kwenu wote. Fundi wa cherehani aliniambia, "Kweli alimfundisha mwanangu, fundi, lakini unanitaka mimi nisimame mbele ya watu wa chuo? Nitasema nini?" Nikamwambia, utasema alimfundisha mwanao. Akasema atafikiria. Muuza duka aliniambia nisubiri atoke bafuni, nikasubiri, akatokea mlango wa nyuma. Mama aliyemfinya mtoto mkutanoni alilia kabisa, machozi ya kweli. Akasema, "Kaka, mwakani wana mtihani wa mwisho. Mwanangu akifukuzwa sasa?" Nikamuuliza, na mwalimu wa kumwandaa kwa mtihani huo atakuwa nani? Suti? Akanifungia mlango polepole, kwa heshima. Nawe ulipunga mkono kutoka ng'ambo ya barabara, ukaonyesha simu uliyokuwa umeiweka sikioni. Haikuwa na mtu. Ililia ikiwa sikioni, ukaruka.

Nyumbani, mpwa wangu hajatoka siku kadhaa. Blauzi ile iko kwenye kamba, imekauka, imelowa umande, imekauka tena. Juzi alikusanya mabaki yote ya mbao yaliyokuwa chini ya kitanda chake, nusu na robo na thuluthi, akaniletea kwenye karai.

"Washia jiko, mjomba."

"Hivi? Nilivipiga msasa kwa mkono."

"Yule mvulana alisema kweli. Ni kuni."

Nikamwambia, basi tumchukue Waziri, twende naye chuoni. Mtoto mwenyewe aseme. Hapo ndipo alipoinua macho kwa mara ya kwanza.

"Mjomba, nimemfundisha mtoto kudanganya kwa ajili yangu, akafaulu. Sasa nimwambie kwamba kufaulu kwake ndiko kulikonizika? Ana miaka kumi na miwili. Ataibeba mpaka lini? Hapana. Usimguse mtoto huyo."

Jana Waziri alipita na wenzake wakitoka shule. Walisimama dirishani kwetu wakamsalimia mwalimu wao. Walimuuliza atarudi lini, ndoo hailii siku hizi, kuko salama. Alisema ana homa. Walimwachia embe. Sijui leo hii walifundishwa nini. Nimesikia Waziri ndiye anayesimama ubaoni, na Mkuu anapita dirishani akitikisa kichwa kwa kuridhika, maana amepata mwalimu asiyehitaji hata posho.

Watoto wenu wamefanya kazi yao. Walipewa uongo na watu wazima, wakaubeba bila kuumwaga, wakaulinda kuliko mnavyolinda nyumba zenu. Sasa mnataka nao ndio waje waufumue? Wewe ndiye uliyekaa kimya kwenye dawati langu. Kimya kile ndicho kilichomtia stoo, na hakuna wa kumtoa ila sauti yako. Ushahidi wangu haufai, mimi ni ndugu. Wako unafaa. Sina matumaini makubwa nawe, nakwambia wazi. Nakufahamu. Lakini sina mwingine.

Leo ni Alhamisi. Dirisha la rufaa linafungwa kesho. Nitasimama mbele ya geti la shule kuanzia alfajiri, karibu na ndoo, nikikusubiri twende chuoni, na Redio atakuwa pamoja nami. Ameahidi, na yeye ana kibarua cha kupoteza kama wewe. Usiniletee salamu. Usiniambie uko nami moyoni. Mweleze mwanao unakwenda wapi, tena umwambie kwa nini, uone atakavyokutazama. Kisha toka.

Huna haja ya viatu vya kamba. Njoo na ndala zako.